Walionisindikiza Buteba

Nakumbuka njia kabla sijakumbuka siku, mwanangu. Njia nyembamba ya udongo mwekundu, inatoka kwenye zahanati ya Buteba, inapita katikati ya mashamba ya pamba, inashuka hadi kijito chenye mafunjo, kisha inapotea ndani ya ukungu. Juu ya ukungu ule, upande wa Tororo, mwamba mkubwa ulionekana peke yake, hauna chini, kama kitu kilichotundikwa. Hata leo nikisinzia kitini naiona njia ile, na miguu yangu hii isiyonisikia tena inaanza kutembea.

Juzi kwenye simu ulinilalamikia. Ukasema huko ughaibuni kila mtu kazini ana gari, wewe peke yako ndiye unayesimama kituoni kwenye baridi, na wenzako wakikuambia panda tukupeleke unajibu asante, nitafika. Nikacheka, ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilimcheka msichana mmoja wa Kitaita niliyemfahamu sana, aliyekuwa na majibu hayohayo. Basi vua viatu, weka chai yako karibu, nikusimulie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha. Nilitoka milima ya Taita nikiwa mkunga mbichi kabisa, nikapanda gari moshi, nikashuka Tororo, nchi ambayo hata harufu ya mvua yake sikuijua. Wamisheni wakanipeleka Buteba, wakanipa chumba, mkoba na aproni nyeupe. Baiskeli waliniahidi. Watu wa maana kule wote walikuwa na baiskeli: katekista, karani wa pamba, na chifu, ambaye yake ilipakwa mafuta kila asubuhi zaidi ya watoto wake. Mimi nilikuwa na miguu. Nikaamini kwamba shida zangu zote zina dawa moja tu, nayo ina magurudumu mawili.

Sasa, watu wa kule, Wasamia na Wateso, hawamwachi mgeni aondoke peke yake. Ukiaga, mwenye nyumba anainuka na wewe, anachukua leso yake, mnatembea polepole mpaka mahali fulani, kwenye kijito au kichuguu au njia panda, ndipo mnaagana. Mimi niliona wananichelewesha. Mwenye baiskeli angepiga kengele akapotea, lakini mimi ilibidi nikimbizane na jua. Tena nilikuwa na kiburi cha ugeni, sikutaka mtu anione nikichechemea, viatu mkononi. Kwa hiyo kila nyumba nikawaambia, "Rudini tu, njia naijua." Nikawaacha wamesimama uani na leso zao.

Taratibu watu wakaacha kuniita. Nilisikia mtoto amezaliwa ng'ambo ya kijito, nilisikia mwingine amezaliwa nyuma ya kanisa, na mimi nimekaa zahanati nikihesabu nzi. Nikasema moyoni, wamechoka kunisubiri, ngoja baiskeli ije.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Nafula. Huyu alikuwa mke kijana, Msamia, mtu wa kwanza kule kunifundisha kusema "mulembe", salamu yao, bila watu kuangua kicheko. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya, akazikwa kimya. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na mimi, kwa ujana wangu, nilikuwa nimemwahidi kwamba huyu atalia. Mara ya mwisho nilimpima mbiombio mbele ya mama mkwe wake. Nikamuuliza, "Unaumwa popote?" Akatazama mkeka. "Hakuna kitu, Musawo." Ndivyo walivyowaita waganga na wauguzi, Musawo. Nikafunga mkoba nikaondoka, maana jua lilikuwa linainama.

Baada ya hapo kimya, hadi asubuhi moja ya ukungu nilipoona mtu anapanda njia polepole, mara anaonekana, mara haonekani. Alikuwa Nabwire, yule mama mkwe. Magoti yake yalikuwa mabovu, na bado alikuja kwa miguu. Nikampa kiti, akakikataa.

"Musawo, mimi nakuja kuuliza. Sisi nakukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, Mama."

"Mtu nakataa kusindikizwa, huyo iko na maneno na nyumba. Nakwenda na hasira. Sasa mkono ya mtu ya hasira napokea mtoto namna gani? Watu yote hapa nauliza, huyu Mtaita sisi namfanya nini?"

Nikajitetea upesi. "Mama, ni njia tu. Njia ni ndefu, nami sina baiskeli. Ikija nitafika kwenu kila siku."

Akanitazama kama mtu anayetazama chungu kilichotiwa chumvi mara mbili.

"Baiskeli! Ya katekista napita kwa mlango yangu kila siku. Kengele yake najua. Yeye mwenyewe, simjui."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka kuingia chini ya meza ya dawa. Miezi yote ile nilidhani wao ndio walioniacha, kumbe wao walikuwa wakijikagua nyumba kwa nyumba wakitafuta kosa lao. Nikachukua mkoba, nikafuatana naye. Siku hiyo sikukimbia. Tulipumzika alipochoka, tukasalimia kila aliyesalimu. Kwake nikala ugali wa wimbi na samaki mkavu mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nilipoaga, nikakaa palepale nikingoja.

Nabwire akatabasamu kidogo. Magoti yakamkatalia, ikabidi Nafula ndiye achukue leso.

Tukatembea polepole. Pamba ilikuwa imepasuka pande zote mbili, weupe mtupu, na upepo ukipita ulikuwa kama mtu anayegeuka usingizini. Ni kwenye kijito, mguu mmoja kwenye jiwe, ndipo Nafula akaanza kusema huku akitazama maji.

"Musawo, nyumbani siwezi kusema. Yule ya kwanza tulisema ugonjwa sana, akakufa. Mama nasema maneno naita kifo, hataki kusikia tena." Akagusa paji la uso. "Kichwa napasuka. Na macho naona moto kidogokidogo, mchana."

Akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimevimba hadi pete ya ndoa imezama kwenye nyama. Dalili zile tulifundishwa kuziogopa. Mama wa namna hiyo anaweza kushikwa na degedege wakati wowote, akaondoka na mtoto wake. Dawa yake haikuwa kwenye mkoba wangu. Ilikuwa hospitali, Tororo.

Tukarudi. Nikamwambia Nabwire yote, nikijua navunja mwiko wa nyumba yake. Akatia mkono mdomoni. Kisha akasimama, magoti na yote, akaita wanaume. Wakamweka Nafula kwenye kiti, wakakiinua begani, tukaelekea barabara kuu. Na katika kila ua tuliopita, Nabwire alipaza sauti, "Njooni! Leo Musawo nakubali kusindikizwa!"

Watu wakatoka. Nyumba zote nilizozikatalia zilitoka, wanawake na leso zao, wazee na fimbo zao, wakacheka, wakaona kiti, wakaacha kucheka, wakaingia njiani. Walipokezana kubeba. Mimi nililia hadharani wala sikuficha. Lori la samaki lilipotokea kutoka Majanji, kule ziwani, dereva, ambaye hakuwa na desturi ya kusimama, hakuwa na pa kupita. Barabara ilikuwa imejaa watu wangu. Tukapanda juu ya magunia, kichwa cha Nafula kikiwa mapajani pangu, na mwamba wa Tororo ukatujia taratibu kutoka angani.

Mtoto alilia, mwanangu. Alilia hadi madaktari wakaziba masikio. Nafula alipona pia, na wakampa mtoto jina Nangira, maana yake wa njiani. Ndiye mama yako, na wewe hujawahi kuuliza jina lake lilitoka wapi.

Baiskeli ilikuja baadaye. Niliikokota. Miaka yote ile niliikokota kwenye njia ile, mkoba umefungwa nyuma, na mtu daima yuko upande wa pili, mkono wake juu ya kiti, ananiambia yale ambayo nyumbani hayasemeki.

Kwa hiyo nakuambia wazi, usije ukasema nilikufichaficha. Gari utanunua, sikukatazi. Lakini kabla halijaja, yule anayekuambia panda, panda. Muulize mama yake anaendeleaje. Anayetaka kutembea nawe hadi kituoni, usimwambie njia unaijua, hata kama unaijua. Yeye hakuonyeshi njia. Anatafuta mahali pa kukuambia jambo, na siku moja wewe ndiye utakayekuwa na la kusema.

Mungu wa bibi yako Nafula akutunze kwenye baridi hiyo. Akupe viatu visivyovuja na majirani wasumbufu. Na kila utakapotoka mlangoni katika nchi ya watu, amwinue mtu mmoja achukue leso yake, atembee nawe.