Bomba la Kijani

Kwa miaka kumi na tisa karani wa takwimu amezunguka mitaa akihesabu mabomba ya maji. Fomu inauliza kama bomba lipo, haiulizi kama linatoa maji. Naye ni mtu wa fomu, mtu wa kunyoosha mistari. Akaandika "lipo" hata kwa bomba la mlangoni kwake, lililokauka tangu kitindamimba wake alipoanza shule.

Mwaka huu hesabu zake zimeingizwa kwenye tovuti inayolinganisha majiji na kuyachora kwenye ramani. Penye mabomba ni kijani, pasipo na mabomba ni nyekundu. Mtaa wake umekolea kijani.

Mkewe akamfuata ofisini na ndoo mbili tupu.

"Baba watoto, gari la maji limetupita tena. Dereva anasema sisi tunayo, ameona kwenye ramani. Nani kawadanganya hawa?"

Karani akainuka. Akaenda kwa mkuu wake kuomba ramani irekebishwe. Mkuu akashusha pumzi, akafungua jalada la fomu.

"Mzee wangu, tumeshika nafasi ya pili kati ya majiji yote. Nikawaambie nini wakubwa? Na hii sahihi ya nani?"

Ilikuwa ya karani mwenyewe, kila ukurasa.

Aliporudi mezani kwake, alimkuta mkewe ameinamia kompyuta. Ramani ilikuwa imekuzwa mpaka likaonekana paa lao, na kando yake kitone cha kijani. Chini ya kitone palikuwa na jina la aliyehesabu.

Mkewe alilisoma taratibu, akaokota ndoo zake, akaondoka bila kumwangalia.