Goti Langu na Pengo la Ukuta

Swali lililoninyima usingizi miezi minne ni hili: goti likijengwa upya kwa kitu kilichotolewa pengine, bado ni goti langu? Leo natembea bila mkongojo, alhamdulillahi, na bado sina jibu.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilisomea mambo ya kale, nikapata kazi ya kupima na kuchora magofu Kilwa Kisiwani. Siku moja nilirudi kinyumenyume ili ukuta wote uingie kwenye picha. Mguu ukatumbukia kwenye shimo tupu la kulowekea chokaa. Mwili ukageuka, goti likabaki. Nilisikia "ko". Hadi alasiri lilikuwa limevimba kama dafu. Chooni sikuweza kuchuchumaa. Nilisali kwenye kiti kama bibi kizee.

"Kano la ndani limekatika, na haliungi lenyewe," daktari alisema. "Tutachukua kipande cha kano nyuma ya paja, tukujengee jingine."

"Litakuwa langu?"

"La nani tena, binti?"

Sikucheka. Chuoni, kujenga upya ni kukisia: unaokota vigae vitatu, unachora mtungi mzima, kisha unakiri kuwa umekisia. Kumbe kwa daktari ni kuhamisha. Karatasi ya kukubali upasuaji nikaiweka mkobani bila kuitia sahihi, nikasoma habari zake, nikazidi kuchanganyikiwa. Goti nalo likawa linateguka kila nikigeuka. Paja likakonda, suruali ikapwaya upande mmoja.

Mama alikuja kutoka Miteja kuniuguza. "Unangoja goti likuandikie barua?" aliniuliza.

Nilirudi kazini na mkongojo. Fundi Saidi, mtani wangu, akanipokea: "Karibu, gofu. Tukuwekee uzio?"

Alikuwa anaziba pengo la ukuta kwa mawe mapya, lipu yake akiiacha imeingia ndani kidogo kuliko ya kale, ili watu wajue ipi ni ipi. Nikamuuliza kama ukuta huo bado ni uleule.

"Sijui, mtani. Mwenye digrii ni wewe. Mimi najua pengo hili nikiliacha, masika itaushusha wote."

Hilo halikumaliza swali langu. Ila paja lilikuwa linaisha huku nafikiri. Kwa hiyo wewe mwenye karatasi ya daktari mkobani, uliza yote, lakini usingoje kuelewa yote. Mama na mtani, Mungu awalipe.

Siku hiyohiyo nilikaa juu ya rundo la mawe, nikampigia daktari simu. Wiki iliyofuata niliweka sahihi, nikapanda kitanda cha upasuaji.