Damu Iliyonichongea

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na miwili sikuwa nimegusa mpira. Mke wangu ndiye aliyeupiga marufuku. Mara ya mwisho niliteguka goti, akanikanda kwa maji moto mwezi mzima, kisha akaniapisha mbele ya mama yake kwamba basi. Niliapa. Mtu anayekandwa huapa lolote.

Jumapili moja wazee wa Lodwar tukaalikwa Kakuma kucheza na wafanyabiashara wa Sudan Kusini walioko kwenye kambi ya wakimbizi. Nikamwambia mke wangu naenda matangani, mama mkwe wa mwenzangu amefariki. Alisikitika, akanifungia kilo mbili za sukari niwapelekee wafiwa. Sukari hiyo tuliimaliza kwenye chai baada ya mechi, na wala haikunikwama kooni.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kufikia Jumatano nilikuwa nimekakamaa mwili mzima, hata cha mezani sikukiweza. Na Jumatano ndiyo siku niliyopangiwa kupimwa afya Lodwar. Shirika moja lilikuwa limekubali kuniajiri niwe mtunza stoo ya dawa, ila daktari atie sahihi kwanza. Nilikuwa nimekaa miezi tisa bila kazi na nilishachoka kujiona nikishinda nyumbani. Mke wangu alinisindikiza kwa sababu sikuweza kupanda bodaboda peke yangu. Nilimwambia nimeumia kwa kukaa chini sana msibani.

Daktari, kijana wa Nairobi, alisoma majibu ya damu akakunja uso.

"Mzee, ini yako haiko poa. Unakunywanga kiasi gani?"

"Sinywi."

"Wote husema hivyo."

Mke wangu akanigeukia. "Kwani hiyo matanga ilikuwa ya pombe?"

Daktari akasema hawezi kumpitisha mlevi akalinde dawa, akachukua kalamu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imetoka Kakuma mpaka Lodwar na bado sikutaka ifike mwisho. Niliiangalia ile kalamu. Ama niitwe mlevi na kazi iende, ama niseme.

"Daktari, Jumapili nilicheza mpira."

"Dakika ngapi?"

"Tisini."

"Na kabla ya hapo?"

"Miaka kumi na miwili iliyopita."

Akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba misuli isiyozoea ikichoshwa huchanika ndani kidogo kidogo, na vimeng'enya vyake huvuja vikaingia kwenye damu, vikazidi kupanda kwa siku kadhaa. Vingine ni vile vile vya ini, ndiyo maana nikaonekana mlevi. Akaagiza nipimwe kimeng'enya ambacho ini halina, misuli ndiyo inacho. Kilikuwa juu hata mtu wa maabara akaja mwenyewe kuniangalia.

"Basi nani alikufa?" mke wangu akauliza.

"Hakuna."

"Na yule mama mkwe?"

"Yuko Kaaleng na mbuzi wake."

"Mimi nililia, baba watoto."

Hapo niliona aibu, tena aibu kubwa.

Daktari alisema nipumzike siku kumi, ninywe maji mengi, nisibebe kitu, kisha nirudi nipimwe tena. Mke wangu aliitii amri hiyo kuliko amri za kanisa. Alinilaza kwenye mkeka uani, hata kiatu nisikiinue. Majirani walipita wakisalimia, "Ejok?" nao wakauliza nina nini.

"Ni ile matanga," akawajibu. "Huyu ndiye alikufa."

Siku ya kumi na moja damu ilikuwa imetulia, daktari akatia sahihi, na kazi nikaipata. Tulirudi nyumbani kwa miguu, pole pole, mke wangu amenibebea bahasha. Hakuwa amesema neno juu ya mechi siku zote hizo.

"Na huo mpira," akauliza, "mlishinda?"

Tulifungwa mabao saba bila, na matatu yalipita katikati ya miguu yangu. Nikaiangalia ile bahasha. Ilikuwa imeandikwa kila kitu kuhusu damu yangu, ila hilo.

"Sare," nikasema.