Ubao wa Goti la Evodia

Tangu mkanda wa mashine ya kusaga uume pindo la khanga ya Lea, mmoja wa wateja, Evodia hakutulia. Alisagia watu mtama pale Haneti, mwanawe Sila mgongoni, na kila khanga iliyopepea ilimrusha roho. Siku ile khanga ilichanika, ndiyo pona ya Lea. Chuma cha kuzimia injini kilikuwa nyuma ya mkanda, hatua sita. Evodia alikifikia mambo yamekwisha.

Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kununua mashine zao wenyewe, na Mzee Bartolomayo, mwenye mashine, aliipata hii ikiwa imekwisha tumika kwingine. Alipoelezwa hatari yake, alitundika kibao cha onyo. Evodia akakitazama, akaona hakitasaidia. Asiyejua kusoma hakukisoma, na ajuaye alikuwa akitazama unga wake. Maana akina mama wa pale hawakubali unga wao ubaki tumboni mwa mashine ukachanganyike na wa mwenzao. Mtama ukiisha, kila mmoja huinama akaigonga mashine kwa kiganja, ubavuni kabisa mwa mkanda, mpaka chembe ya mwisho ishuke.

Alimsumbua mzee hadi fundi Yahaya akaitwa kutoka Majengo. Fundi akafunga mti wa kuusukuma mkanda utoke kwenye gurudumu udondoke, na kamba ya kuuvutia mti huo. Kamba akaining'iniza mlangoni, pale alipopenda kusimama yeye.

"Fundi, hebu simama mahali pangu," Evodia akamwambia. "Mkono huu shika debe, huu shika gunia. Haya, vuta."

Yahaya akaiangalia kamba, akacheka. "Labda kwa meno, Mama Sila."

"Meno yamejaa vumbi. Goti langu ndilo halina kazi."

Basi akamfungia ubao usawa wa goti, ambao ukisukumwa huivuta kamba. Kila asubuhi, kabla ya debe la kwanza, Evodia aliujaribu, mara mbili, mara tatu, na foleni ikanung'unika kwamba mashine imeshikwa na degedege. Hakujali.

Siku ya nne Lea akainama kugonga. Pindo likapaa. Goti la Evodia likatangulia, akili ikafuata. Mkanda ukadondoka kama nyoka aliyepigwa.

Lea akageuka, hana habari. "Mama Sila, mbona umesimamisha? Unga wangu bado umo."

"Umo," Evodia akajibu. "Pitia upande huu kwanza, ndugu yangu, ndipo ugonge."