Siku Niliyoufuta Mgao wa Maji Mnyambe

Chekeni tu jamani, maana mpaka leo nikipita Mnyambe naishusha kofia machoni. Ofisini kwetu Newala nilipewa programu mbili za kompyuta nizilinganishe, ipi ni hodari zaidi katika kupanga mgao wa maji ya tangi kubwa la Mnyambe, na mimi (mtu wa Chiwata niliyesomea kompyuta, nani anibabaishe?) nikawa nampigia simu Baba Saidi, mlinzi wa tangi, anitajie kipimo. Jumatatu akasema mita moja, Jumatano mbili, Ijumaa tatu na nusu, nami nikaingiza kama ndicho kina cha maji. Programu ya kwanza ikagoma, ikadai pampu yetu haiwezi kujaza haraka hivyo. Nikaiona mshamba, nikaifunga. Ya pili ikanichorea mstari wa bluu unaopanda vizuri, nikatabasamu peke yangu.

Basi nikazunguka na gari la matangazo: mgao umekwisha, kesho maji kutwa nzima! Mama Zuhura, ambaye kesho yake alikuwa anampokea mjukuu wake kutoka jandoni, akanisimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, una hakika? Nina madumu sita tu ya kupikia wageni."

"Kandikia hata ukuta, mama. Kompyuta haikosei."

Akakandika kweli, yakaisha yote.

Jumamosi ngoma zinalia, wageni wamejaa uani, sufuria kavu, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Nikampigia Baba Saidi kwa ukali.

"Si nilikwambia tatu na nusu?" akashangaa. "Nashusha kamba yenye jiwe, nahesabu palipo pakavu, toka mdomo wa tangi mpaka kwenye maji, kama visima vya nyumbani. Kwani kwenu mnapimaje?"

(Kwetu tunapima hivyohivyo! Bibi alinifundisha mwenyewe.) Kumbe siku zote nilikuwa naingiza nafasi tupu nikiiita maji. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaazima baiskeli, nikateremka chemchemini na madumu manne, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni, nikaupanda mlima nikisukuma, mara tatu, huku akina mama wananipigia vigelegele. Pilau likaiva alasiri, wageni wengine wameshaondoka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko miguu. Mama Zuhura akanipakulia. Tonge likanikwama, nikaomba maji ya kunywa.

"Kaiombe kompyuta yako," akasema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Nimeapa: siingizi tena namba yoyote ya tangi kabla sijaenda kuishika ile kamba kwa mkono wangu.