Mkalimani wa Michezo ya Jumapili

Speciosa alikuwa darasa la sita baba yake, mzee Bartholomayo, alipouza kahawa na kurudi nyumbani Mbuba na televisheni ndogo isiyo ya rangi, pamoja na betri ya gari ya kuiwashia. Jumapili baada ya misa majirani walijaa sebuleni, wengine wakasimama dirishani. Picha ilikuwa na chenga, na upepo ukivuma ilibidi mtu atoke akaugeuze mlingoti wa antena.

Michezo ya kuigiza ilikuwa ya Kiswahili, na mama yake, Jovina, alijua Kihangaza tu. Basi Speciosa alikaa miguuni pake akimtafsiria. Asipoelewa, alitunga. Kuna siku mama mmoja kwenye mchezo alifiwa na mtoto. Speciosa akamwambia Jovina mtoto amelala tu, homa imeshuka. Jovina akamshukuru Mungu kwa sauti, sebule nzima ikageuka kumwangalia. Speciosa alipenda kukisimulia kisa hicho hata baada ya kuolewa na Bulugu, Msukuma mkulima wa mahindi huko Bisibo, Biharamulo.

Miaka minne iliyopita aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio yote mawili yakafa. Bulugu akanunua televisheni pana ya sola, akidhani itamliwaza. Watoto walipocheka, Speciosa aliuliza wanacheka nini. Wakamwonyesha kwa mkono asubiri. Mchezo ukaisha, wakaenda kulala. Baada ya miezi kadhaa aliacha kuuliza.

Mwaka jana, mwezi wa nane, alikwenda Mbuba kumuuguza mama yake, aliyekuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni. Jovina hakujua kuandika. Alimshika mkono akazungumza muda mrefu, mara akitabasamu, mara akinyoosha kidole kwenye kona ilipokuwa televisheni, mwishowe akalia. Speciosa aliikazia macho midomo yake, akaambulia jina lake tu.

Nice, mke wa kaka yake, alikuwa hapo akimenya ndizi. Speciosa akampa daftari. Nice akajifuta mikono, akaandika: "Mama anasema mambo ya zamani."

"Mambo gani? Niandikie yote."

Nice akaandika tena: "Yalikuwa mengi, wifi. Nimesahau."

Speciosa alimwomba mama arudie. Jovina alikuwa amechoka. Alifumba macho, akageukia ukutani, na siku ya tatu akafariki. Kwenye mazishi Speciosa aliona kwaya ikifungua na kufumba midomo. Baada ya matanga alimuuliza Nice tena, na Nice akatikisa kichwa.

Sasa yuko Bisibo. Akipalilia mahindi huongea Kihangaza peke yake, lugha ambayo Bulugu na watoto hawaijui, wala hana wa kumwambia kama bado anaitamka sawasawa.