Anasema Ana Maumivu

Mwau alikuwa amefundisha falsafa ya sayansi katika chuo kimoja cha katikati ya jiji muda mrefu kiasi cha kutodai kitu chochote asichokiona. Atomu, aliwaambia wanafunzi, ni hadithi yenye manufaa. Sayansi ieleze kinachoonekana na ipange hesabu zake; ikisema kwamba nyuma ya hayo kuna vitu visivyoonekana ambavyo vipo kweli, inadai shamba bila hati.

Mpinzani wake alikuwa Obuya, mwalimu wa meza ya jirani, mwenye sauti ya mhubiri. Obuya alishikilia kwamba nadharia hufanya kazi kwa sababu inachokitaja kipo.

"Kama elektroni hazipo, Bwana Mwau, hiyo simu yako inaendeshwa na nini? Maombi?"

"Nadharia ngapi zilifanya kazi vizuri, ndugu yangu, na leo ziko kaburini?"

"Haya. Siku virusi vitakapokuua, tutatangaza kwamba umefariki kwa dhana."

Walicheka, wakamaliza chai. Ulikuwa ubishi usioumiza mtu.

Kisha nyonga ya Kavindu, mke wa Mwau, ikaanza kuuma. Mwanzoni Kavindu alilaumu viti vya kanisa. Baadaye akashindwa kuinama kufunga viatu. Akapimwa damu, akapigwa eksirei, akaingizwa, kama mkate kwenye tanuri, katika ile mashine inayonguruma. Kila mara majibu yalirudi safi na watu wakampongeza.

"Baba Nzembi," alimwambia mumewe wakirudi nyumbani mtaa wa Jamhuri, "mbona kila mtu anafurahi? Nataka mtu mmoja tu aseme maumivu yapo, nipelekwe kwa bingwa wa neva."

Ndipo wakaenda kliniki moja ya Hurlingham kumwona Daktari Ajwang, mwanamke mpole, mwenye uwezo wa kuandika barua ya rufaa kwa bingwa huyo. Akazitazama picha, akazirudia.

"Mama, mimi sioni kitu hapa."

"Lakini nasikia, daktari. Kama msumari."

Daktari akamgeukia Mwau, kama ilivyo desturi ya jiji hili mwanamke anapokuwa amejieleza vya kutosha na kando yake kuna mwanamume mwenye koti.

"Mzee, wewe ndiye unaishi naye. Ana maumivu?"

Mume yeyote, hata mlevi, angesema ndiyo. Mwau akafikiri. Alilipenda swali lenyewe, na alitaka kulijibu kwa haki.

"Anasema ana maumivu," akajibu. "Na mwenendo wake unaafikiana na kauli hiyo."

Daktari akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa siri ya nyumba. Akaandika vidonge vya kutuliza mawazo na jina la mshauri nasaha.

"Daktari, sikumaanisha kwamba hana," Mwau akasema. "Nilikuwa natenganisha ushahidi na—"

"Nimekuelewa, mzee."

Kavindu alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. Nje, kwenye maegesho, hakupaza sauti.

"Miaka hii yote, Baba Nzembi. Ulikuwa ukinitazama tu?"

Kesho yake Mwau alimsimulia Obuya, akitarajia kuchekwa. Ingekuwa afadhali.

"Si umwambie unaamini yapo?" Obuya akauliza.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema asante. Kama unavyomshukuru mtu aliyekufungulia mlango."

Obuya, aliyekuwa ameshinda ubishi wa maisha yake yote, akamsogezea Mwau sukari.

Tangu hapo Kavindu hakulalamika tena. Kwa bingwa hakutaka kusikia. Kwa mshauri nasaha pia hakwenda. Ukimuuliza hali, hajambo. Kanisani anasimama nyimbo zote hadi mwisho, na akina mama wanamsifu Mungu kwa uponyaji. Jioni Mwau hukaa jikoni na magazeti asiyoyasoma, akiuchunguza uso wa mkewe, hatua zake, anavyogeuka. Hakuna kitu. Kila kinachoonekana kinaonyesha mwanamke mzima, na yeye anajua, kwa uhakika ambao hangemruhusu mwanafunzi yeyote, kwamba maumivu yapo, na hana hata chembe ya ushahidi ya kumwonyesha daktari.

"Mama Nzembi, nikubebee hiyo sufuria?"

"Ya nini? Kwani nina nini?"

Akainyanyua mwenyewe, imejaa maji, akaitua mekoni bila kukunja uso.